Boda anaishia wapi? Nilivyotafuta nyumba ya kwanza Dar na hela ya mawazo

Nyumba ya kwanza tuliyoenda kuiona ilikuwa Kigogo, na nikwambie ukweli niliipenda. Vyumba vitatu, bati jipya, umeme upo, bomba lipo uani, na kutoka pale mpaka Kariakoo ninapouza vitenge ni gari moja tu, siku nauli imekata unatembea na unafika. Dalali akataja milioni 22. Nikamuangalia baba watoto, baba watoto akaniangalia, tukajikausha kama watu waliozoea kutajiwa bei, maana ukionekana tu umefurahi bei inapanda palepale umesimama.

Kitu kimoja kikanisumbua. Mlango. Ili uingie ndani unapanda ngazi mbili, afu ukishavuka unashuka tena mbili, katikati kuna kaukuta ka tofali kanafika karibu magotini, kamepigwa plasta safi na rangi juu. Nikamuuliza dalali haka ka nini, akajibu bila hata kupepesa macho, "ka kuzuia vyura hako dada angu". Sawa. Nikatoka nje kupunga upepo, naangalia mlango wa jirani, nao una kaukuta. Wa tatu, kaukuta. Yani mtaa mzima wanaogopa vyura.

Pale kwenye kona kulikuwa na bibi anauza vitumbua, nikanunua vya mia tano nikakaa kwenye kigoda chake. Sikumuuliza kuhusu nyumba, nilimuuliza tu masika huwa anauzia wapi. Akacheka. "Masika mwanangu hapa siuzi, hapa linapita friji la mtu." Niliporudi ndani nikaangalia ukuta kwa jicho lingine, na ukiinama kidogo dhidi ya mwanga wa dirishani unauona mstari chini ya rangi mpya, umelala sawasawa kuzunguka chumba kizima, unanifika kifuani. Lile ni bonde la Msimbazi. Ndo bonde lile lile ambalo mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu mpaka serikali ikaenda kuwapa viwanja Mabwepande, na sheria ya mazingira ya 2004 inasema ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto hutakiwi kuweka makazi, kwahiyo hata maji yasipokutoa unaweza ukaamka siku moja ukuta wako una X nyekundu, alama ya kubomolewa.

Hapo ndo nikaelewa kwanini ni milioni 22.

Sisi hela yetu jumla ilikuwa milioni 24 na kidogo. Ilitoka kwenye vikoba, kwenye mchezo wa pale sokoni ambao nilipokea mara mbili, na bajaji ya baba watoto ambayo tuliiuza ikiwa bado inadai matengenezo. Tulikuwa tumepanga Mabibo vyumba viwili, laki na nusu kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo, kila ikifika Juni na Desemba ndani ya nyumba hatuongei, tunapitana kama watu waliogombana. Hii ni 2022. Na kwa hela hiyo Dar huchagui nyumba, unachagua nani wa kukaa nae na saa ngapi utakuwa unafika nyumbani, nyumba yenyewe mara nyingi ni pagale lililoishia kwenye lenta na miti ya mbaazi imeota sebuleni.

Baba watoto roho yake ilikuwa njia ya Bagamoyo. Rafiki zake wote wanajenga huko, Bunju, Mapinga, Kerege, kila Jumapili wanatumiana picha za misingi. Bunju yenyewe hatuiwezi tena, ile ilipimwa enzi za mradi wa viwanja elfu 20 miaka ya mwanzo ya 2000 pamoja na kina Kibada na Toangoma, na sehemu iliyopimwa ikaachiwa barabara zake haishuki bei hata iweje. Kwahiyo tukasogea Mapinga, kiwanja kizuri, ishirini kwa ishirini, udongo mwekundu umekaa, upepo wa bahari unaupata kwa mbali, na wanakubali ulipe kwa mafungu. Baba watoto akaanza kutembea na hatua za mwenye mali.

Mimi usiku nikachukua daftari la mikopo ya wateja nikageuza ukurasa wa nyuma. Boda kutoka kiwanjani mpaka lami, 1,500. Gari mpaka Makumbusho, 850. Makumbusho Kariakoo, 500. Hiyo ni 2,850 kwenda tu, kwenda na kurudi 5,700, nafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Elfu 148 na mia mbili. Na kodi tuliyokuwa tunaikimbia ni laki na nusu! Yani ningekuwa nimejenga nyumba yangu kwa jasho afu kodi nailipa ile ile, tofauti ni kwamba sasa naipeleka kwa makonda badala ya mwenye nyumba, na sijaweka hapo nauli ya baba watoto, wala yale masaa mawili ya asubuhi na mawili au matatu ya jioni mguu mmoja ukiwa hewani. Nilimuonyesha. Alikaa kimya muda, akasema "ila hewa ya kule nzuri". Kweli ni nzuri. Hewa ni nzuri sana Mapinga.

(Anayefanya kazi Tegeta au mwenye usafiri wake anione mjinga, sawa, hesabu yake ni nyingine. Kila mtu aanze na pale anapopatia ugali wake.)

Kigamboni tulienda pia, siku moja tu. Tangu daraja lilipofunguliwa 2016 kila dalali anakwambia Kigamboni ndo mjini mpya, na Kibada mitaa imenyooka hasa, lakini pale palipopangika bei ni ya wenye magari na ukienda ambako bei ni yetu unakuta bado unategemea pantoni. Pantoni nauli yake ilikuwa ndogo, shilingi mia mbili, ila siku limebaki moja linafanya kazi nenda kasimame pale Kivukoni saa kumi na mbili jioni uone umati ule, afu uniambie kama utataka kuuona kila siku ya maisha yako.

Sasa kuna mjomba wangu. Mjomba alijenga Kimara miaka ya tisini, nyumba ya maana, frem tatu za maduka mbele zinatazama barabara ya Morogoro, sisi wadogo tulikuwa tunaenda likizo kwake tunaona mjomba tajiri. 2017 ikaja bomoabomoa ya kupisha upanuzi wa barabara mpaka Kibaha. Watu wengi kichwani walikuwa na mita thelathini, ndo iliyozoeleka barabara kuu, kumbe hifadhi ya barabara pale ilikuwa mita 121 kutoka katikati. Nyumba ya mjomba ilikuwa ndani yote, hata choo cha nyuma hakikusalimika. Leo ukipita pale ni njia nane, panapendeza, na mjomba anapanga Mbezi.

Mjomba aliposikia tunatafuta akasema hamnunui bila mimi, na kila saiti akawa anakuja na futi yake, ile ndefu ya mita hamsini ya mafundi, kaifunga kwenye mfuko wa Rambo. Hajasalimiana na mtu, hajaulizwa karibu maji, anaenda kusimama katikati ya barabara, hata kama ni njia ya ng'ombe, ananipa ncha nishike anarudi nyuma anahesabu kwa sauti. Madalali walimchukia. Mmoja aliniita pembeni, "dada mzee huyu atawakosesha nyumba", nikamwambia ndo kazi yake.

Futi ya mjomba ilituokoa mara moja hasa. Kitunda huko, pagale zuri, limeshapauliwa, tulikuwa tumebakiza kulipia. Mjomba akaona bikoni mbili, yale mawe ya wapimaji ya kuonyesha mipaka, zimefukiwa na mchanga wa ujenzi, akazifukua kwa mguu, akapima kati yake akasema hapa kati ni mita kumi na mbili, hakuna kiwanja cha mita kumi na mbili, hii itakuwa barabara. Tukaomba kuona mchoro wa mtaa. Muuzaji akasema mchoro uko kwa mtu wa ardhi, mtu wa ardhi yuko Dodoma, Dodoma simu haipatikani. Baba watoto akaenda mwenyewe kuulizia, wakamfungulia ramani, na pale lilipo pagale pamechorwa njia, imepita katikati ya chumba cha mabinti. Muuzaji tulipompigia alishangaa kuliko sisi.

Hapa naomba nitoe ya moyoni kidogo. Watu wanasema nunua kilichopimwa, chenye hati, achana na skwata, yani sehemu watu waliyojijengea bila kupimwa. Ni maneno mazuri, na ukiweza fanya hivyo, ardhi ya nchi hii ni ya umma na wewe unapewa haki ya kukaa, hati ndo inayosema miaka 33 au 66 au 99, bila hiyo umeshika karatasi ya mauziano tu na imani. Ila kwa milioni 24 ya kununua na kumalizia, kilichopimwa tulichoweza kilikuwa mbali mpaka mitandao inasuasua. Kwahiyo tukakubaliana tutafute skwata ambayo urasimishaji, yani kuipima na kuiingiza kwenye mpango wapate hati, umeshaanza, bikoni zimeshapigwa, mchoro upo na sisi tunaingia kama watu wanaosubiri hati, sio watu wanaosubiri tingatinga. Kati ya hizo mbili kuna milioni nyingi sana, na huko kati ndo tunaishi sisi wengi.

Basi tukaangukia upande wa Gongo la Mboto, Majohe. Mama yangu nilipomtajia Gongo la Mboto alinyamaza kwenye simu afu akauliza, "si ndo kule kwenye mabomu?" Kwa mama pale ni Februari 2011 mpaka leo, ule usiku ghala la jeshi lililipuka na watu wakakimbia na watoto mgongoni hawajui wanaelekea wapi, na Mbagala kwake ni Aprili 2009. Sikubishana nae. Nilimwambia Majohe ni mbele zaidi, akasema mbele ya bomu na nyuma ya bomu tofauti yake nini. Mpaka leo akija kutembea anauliza kambi iko upande gani.

Kwa nauli yangu Majohe ilikaa vizuri. Bajaji ya kuchangia mpaka Gongo la Mboto 500, gari mpaka Kariakoo 600, kwa mwezi elfu 57 na mia mbili. Na kulikuwa na mapagale mawili, hayako mbali, ni mwendo wa dakika kumi kati ya moja na jingine, katikati kuna korongo lenye kidaraja cha magogo na mchanga. Upande wa huku milioni 19, vyumba viwili na sebule, kiwanja kidogo mpaka unasikia jirani akikohoa. Ng'ambo milioni 13, vyumba vitatu, kiwanja kikubwa, michungwa miwili imeshaanza kuzaa. Tuliviona vyote siku ya Jumapili saa nne asubuhi, jua linawaka, watoto wamevaa nguo za kanisani, korongo kavu kabisa mbuzi wanalala ndani yake. Baba watoto alishaamua, mimi pia karibu, milioni sita ni bati na madirisha, ni nyumba kuisha mwaka huo huo.

Jumanne yake nilifunga duka nikachelewa makusudi. Nikashuka Gongo la Mboto saa mbili na nusu usiku, peke yangu, nikaenda kijiweni kwa boda kama mtu anayekaa kule siku zote. Nikamwambia kijana wa kwanza nipeleke Majohe, nikamtajia ule mtaa wa ng'ambo. Akaniangalia.

"Kidarajani elfu mbili."

"Sio kidarajani, kule ng'ambo, kwenye michungwa."

"Sista mi naishia kidarajani."

Nikaenda kwa wa pili, naye anaishia kidarajani. Wa tatu mtu mzima kidogo, kavaa koti la mvua na mvua hamna, akasema atanipeleka kwa elfu tano ila nimpigie mwenyeji wangu aje na tochi asimame ng'ambo, tuone taa kwanza ndo tuvuke. Nikauliza kuna nini. Hakuna kitu, akasema, wiki hii hakuna kitu.

Nikapanda na yule wa kwanza mpaka kidarajani, nikakaa pale kwenye genge la mwisho nikanunua nyanya za mia tano nisizozihitaji. Upande wa huku wakala wa simu alikuwa bado yuko wazi, saa tatu kasoro, kakaa na taa yake na kisanduku cha hela mezani, wanawake wanatoka kuchota maji na ndoo kichwani wanaongea kwa sauti. Ng'ambo giza. Sio giza la kukosa umeme, nguzo zipo nilishaziona mchana, ni giza la watu wamefunga milango. Niliuliza mwenye genge wa kule wananunua wapi usiku, akasema wa kule wakishavuka saa kumi na mbili wameshavuka.

Nikarudi nyumbani nikamwambia baba watoto ile milioni sita sio ya vyumba, ni ya kidaraja. Tulibishana mpaka saa saba. Hoja yake haikuwa mbaya, alisema korongo litajengwa, umeme ulikuja na daraja litakuja, tukishakaa huko bei ikipanda tutakuwa tumewahi. Inawezekana. Watu wengi mjini hapa wametajirika kwa kuwahi. Ila mtoto wetu wa kwanza alikuwa anaingia la tano, anarudi tuisheni saa moja jioni, na mimi nikamuuliza hilo daraja litajengwa akiwa la ngapi.

Tukanunua huku. Milioni 18 na nusu baada ya mjomba kupima na kukuta mpaka wa jirani umeingia kwetu hatua moja. Wakili aliandika mauziano, majirani wa pande zote wakasaini, na ofisi ya mtaa, huo mtaa siutaji, wakataka asilimia kumi yao. Nilipoomba nionyeshwe imeandikwa wapi hakuna aliyenionyesha, nikapewa tu kiti nikae nisubiri, nimesubiri siku tatu. Mwisho tulielewana kwa kiasi ambacho baba watoto mpaka kesho hataki nikitaje mbele za watu.

Tulihamia Machi, dirisha mbili zina magunia, dari hakuna, mvua ikipiga bati tunaongea kwa ishara. Na sitaki mtu adhani tulipatia kila kitu. Maji niliyaulizia bei tu, dumu mia mbili, nikaona rahisi, sikuyaonja, na ni ya chumvi kiasi kwamba chai ya kwetu wageni wanadhani nimekosea kopo, ya kunywa tunanunua mbali. Nyuma yetu kuna ukumbi, Ijumaa na Jumamosi vigodoro mpaka alfajiri, ule ukumbi nilipokuja Jumanne usiku ulikuwa kimya kama msiba, ningekuja na Jumamosi ningeusikia. Afu barabara ya Nyerere ikachimbwa ya mwendokasi, zile dakika hamsini nilizozipigia hesabu zikawa saa na nusu, nafika dukani na vumbi kwenye nyusi.

Ila masika ya 2024, zile mvua za Aprili, kidaraja kiliondoka usiku mmoja na magogo yake yote. Asubuhi watu wa ng'ambo wamepanga mstari, vijana wanavusha mtu mgongoni kwa elfu moja, viatu umeshika mkononi, mzigo nao unalipiwa. Baba watoto alisimama pale anaangalia mpaka akachelewa kazi. Hajasema kitu, nami sikumuuliza. Jioni alikuja na fundi wa kupima dari.

Sasa lile pagale la michungwa linauzwa tena. Aliyelinunua alimalizia chumba kimoja, akaishi miezi minane akarudi kupanga Tabata, dalali anataja milioni 15 na kidaraja kimeshawekwa kingine, cha chuma safari hii, ingawa kinayumba. Mdogo wangu wa mwisho anaolewa na wana hela kidogo, akanipigia amefurahi, dada tutakuwa majirani. Nikamwambia usije na dalali, njoo siku ya kazi, shuka Gongo la Mboto saa mbili na nusu usiku, panga boda mwenyewe mpaka kwenye michungwa, usitaje jina langu.

Alikuja Jumamosi saa sita mchana na mchumba wake, na raba nyeupe, na chungwa moja kashalimenya.